Wifi, Aonje Mwingine

Kama gazeti hili umelikunjua juu ya meza ya baa, pembeni ya moja baridi moja moto, wala usilifiche. Leo sina ugomvi na chupa yako. Nina ugomvi na ile ya pili, ile uliyomwagizia dada aliyekaa mkabala na wewe, ambaye tumbo ndo kwanza linaanza kusukuma gauni, huku ukimbembeleza: "Kunywa nyeusi mama, inaongeza damu."

Inaongeza damu ipi, kaka yangu? Hiyo nimeisikia tangu niko darasa la tano. Eti kwa sababu bia ni nyeusi, basi ikifika tumboni inageuka damu. Kwa hesabu hiyo hata kahawa ingeongeza damu, na wino wa kalamu pia. Damu inataka madini ya chuma: vile vidonge vya kliniki ambavyo wengi mnavitupa chini ya godoro, maini, dagaa, maharage, mboga za majani. Ndani ya chupa nyeusi kuna kile kile kilichomo kwenye chupa nyeupe, kwenye wanzuki, kwenye komoni na kwenye gongo, nacho ni kilevi. Na kilevi kina tabia moja ambayo wengi wetu hatukuisikia darasani. Nakuja huko.

Kwanza nijieleze, maana najua kuna watu mtaani watauliza huyu naye katoka wapi. Mimi ni mtoto wa Misunkumilo, hapa hapa Mpanda. Mkoa wetu ni Katavi, ingawa wazee wakijisahau bado wanasema Rukwa, kwa vile mpaka mwaka 2012 tulikuwa huko. Elimu yangu ni kidato cha nne. Cheti kipo, alama zake tusizijadili. Na cheti hicho kililipiwa na pombe. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016, mimi nikiwa nimeshamaliza, kwa hiyo kila shilingi ya shule yangu ilitoka kwenye pipa la bi mkubwa. Alikuwa anapika komoni Jumanne na Ijumaa, na asali ikishuka kutoka Inyonga kwa madumu, anageukia wanzuki. Sare, daftari, michango ya madawati, vyote pipa. Kwa hiyo mtu asidhani nimekuja hapa kutaka vilabu vifungwe. Vikifungwa, Jumatatu watoto wengi wa mtaa wetu watakuwa wamesimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Sasa, nina wifi yangu. Kaka alimuoa mwaka jana, binti wa miaka ishirini, mchapakazi, ana mdomo mtamu kwa wateja. Mama magoti yameanza kumsumbua, kwa hiyo mwali aliingia nyumbani akakabidhiwa pipa. Kaka mwenyewe wiki nzima yuko machimbo ya dhahabu, akirudi kachoka, akiwa na hela anayo, akiwa hana hana. Pipa ndilo linaloweka sufuria jikoni. Na wifi ana ujauzito wa miezi minne.

Ukimuuliza wifi kama anakunywa pombe, atakuapia kwa jina la bibi yake kwamba hanywi. Wala hasemi uongo. Kwa lugha ya mtaani kwetu mnywaji ni yule anayelipa, anakaa, anaimba na kurudi nyumbani kwa kuyumba. Anayepika yuko kazini.

Ijumaa moja nikaamua kukaa naye toka asubuhi nikihesabu. Kimea cha ulezi kikiingia, anaonja. Ikianza kuchachuka, anaonja. Anaonja tena kujua kama ichujwe au ilale mpaka kesho. Hapo wateja hawajafika. Wakifika, kuna ile desturi yetu ya kutoa uchawi. Huwezi kumpa mtu pombe bila wewe mwenyewe kupiga fundo mbele ya macho yake, aone kwamba hukuweka kitu. Kila ndoo mpya ikifunguliwa, fundo. Akija mzee mwenye heshima zake, fundo. Na mteja muungwana akinunua lita nzima, hamshukuru mwenye pombe kwa maneno makavu, anamrudishia kikombe: "Na wewe mama, usife na kiu." Mpaka jua linazama nilikuwa nimefika vikombe vinne na ushee. Vikombe vile vya plastiki vikubwa. Na ya kienyeji haina lebo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia tano unajua kabisa umeingiza mililita 25 za kilevi kitupu. Kikombe cha komoni ni bahati nasibu, leo laini, kesho inapiga kama nyundo.

Haya, sasa ile tabia ya kilevi. Mtoto tumboni anakula kupitia kondo la nyuma. Kondo ni mlinzi mzuri, vijidudu vingi na uchafu mwingi vinakwama pale getini. Lakini kilevi ni chembe ndogo mno, inayeyuka kwenye maji na kwenye mafuta, kwa hiyo inapita bila kuonyesha kitambulisho. Haupiti muda mrefu, kiasi kilichomo kwenye damu ya mama kinakaribia kuwa sawa na kilichomo kwenye damu ya mtoto. Tofauti ni kwamba mama ana ini la mtu mzima la kukivunja vunja. Mtoto ini lake ni changa, linamsubiri mama amalize kazi. Tena kingine kinabaki kwenye yale maji anayoogelea, anayameza, anayakojoa, anayameza tena. Mama ameshalala usingizi mzito, pombe imemtoka. Huko ndani kilabu bado hakijafungwa.

Kinachoumia zaidi ni ubongo, na sababu yake ni ya muda. Moyo, mikono, masikio, hivi vinapata umbo lake mapema, miezi miwili ya mwanzo mambo makubwa yameshapangwa. Ubongo unaanza kujengwa wiki ya tatu tangu mimba kutunga na haumaliziki, unajengwa miezi yote tisa na baada ya hapo. Kwa hiyo hakuna mwezi ambao unaweza kusema fundi kapumzika, sasa naruhusiwa. Seli za ubongo zinazaliwa sehemu moja halafu zinasafiri kwenda kila moja mahali pake. Chukulia kama abiria wa treni ya Tabora kuja kwetu. Kilevi kikiingia humo, abiria wengine wanafia njiani, wengine wanashuka Kaliua wakidhani wamefika Mpanda, na wakishashuka hawapandi tena. Lile daraja linalounganisha ubongo wa kulia na wa kushoto linaweza kuwa jembamba, au lisiwepo kabisa.

Mtoto wa namna hiyo anazaliwa, analia, ananyonya, watu wanaleta khanga na sabuni. Tatizo linakuja shuleni. Leo anajua saba mara sita, kesho haijui, kesho kutwa anaijua tena. Ukimtuma vitu vitatu dukani anarudi na kimoja. Hatulii. Anaadhibiwa kwa kosa fulani asubuhi, mchana analirudia mbele ya mwalimu yule yule, si kwa ukaidi, ni kwamba ile waya inayounganisha "nikifanya hivi" na "yatanipata haya" haikufungwa vizuri. Sisi tunamwita sugu. Tunamchapa. Akifika miaka kumi na tano ameshaacha shule, na wenzake wajanja wanamtuma kuiba kwa sababu anakubali haraka.

Kuna na dalili za usoni: macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijimfereji cha kati ya pua na mdomo kimelala tambarare. Lakini sura inatengenezwa katika wiki chache za mwanzo tu. Pombe ikinywewa nje ya wiki hizo, mtoto anatoka na sura yake safi na ubongo ulioguswa. Walio wengi ni wa namna hiyo. Kwa hiyo tafadhali, ukishasoma hapa usianze kuzunguka mtaani ukikagua midomo ya watoto wa watu. Kazi hiyo ni ya daktari, na hata yeye anahitaji vipimo na maelezo ya mama.

Haya mambo si hadithi za juzi. Mwaka 1968 daktari mmoja Mfaransa, Paul Lemoine, wa mji wa Nantes, aliandika kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi aliokuwa akiwaona, jinsi walivyofanana. Aliandika kwa Kifaransa kwenye jarida la huko huko kwao, dunia ikapita kama haikusikia. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, Kenneth Jones na David Smith, wakaona yale yale na wakayapa jina, hapo ndipo watu wakageuka. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ikawaambia wajawazito waache kabisa, na kuanzia 1989 kila chupa inayouzwa kule lazima iwe na onyo lao.

Karibu na kwetu, nenda Afrika Kusini, kule Western Cape kwenye mashamba ya zabibu. Kwa miaka mingi vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Utaratibu huo ulipigwa marufuku, lakini mazoea hayafi kwa karatasi. Watafiti walipopima watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya miji ya huko, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa ameguswa na pombe tangu tumboni. Niliposoma habari hiyo nilifikiria pipa letu. Wale walilipwa kwa pombe. Wifi hutoa fundo ili alipwe. Tofauti ni ndogo kuliko ninavyotaka iwe.

Na hapa Tanzania hatujakaa kimya. Hospitali ya KCMC kule Moshi ina rejesta ya wanaojifungua, wanaulizwa hadi mambo ya pombe. Mwaka 2000 karibu nusu ya akina mama walisema walikunywa wakiwa na mimba. Mwaka 2010 walikuwa kama mmoja kati ya watano. Ni Uchagani kule, kwenye mbege, pombe ya mila na harusi na msiba, na bado wameweza kupungua kiasi hicho. Sasa sisi tunashindwaje?

Nitakwambia tunashindwaje. Mpeleke mtu kama mimi akamweleze bi mkubwa.

"Mama, wifi asionje."

"Asionje, wateja wakimbie?"

"Kilevi kinamfikia mtoto."

Mama akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Wewe nilikubeba nikiwa napika. Kaka yako nilimbeba nikiwa napika. Mbona unaandika magazetini? Au na wewe huna akili, niambie."

Jamani, ungejibu nini? Mimi nilinyamaza nikaenda kuchota maji. Lakini jibu lipo, na nililipata baadaye. Watafiti walipiga hesabu ya dunia nzima mwaka 2017 wakasema kati ya wanawake 67 wanaokunywa wakiwa wajawazito, mmoja atazaa mtoto mwenye ule ugonjwa kamili, wenye sura na kila kitu. Kwa mwaka mmoja ni watoto kama 119,000 duniani. Hao ni wale wa wazi tu. Kwa hiyo mama akitazama kulia na kushoto na kuona watoto wazima, macho yake hayamdanganyi. Kuna wanaopona kwa kula vizuri, wengine kwa damu waliyorithi, wengine kwa siku walizobahatika mama hakunywa. Hata mapacha wasiofanana, waliolala tumbo moja na kunywa pombe ile ile, mmoja anaweza kuguswa sana na mwenzake kidogo. Kinachokosekana ni mtu wa kukwambia mapema wewe ni nani katika hao 67. Ndiyo maana hakuna daktari anayeweza kukuandikia kiasi ambacho ni salama. Kiasi hicho hakijulikani.

Ngoja niseme na rika langu kidogo, ninyi wa Majengo, Makanyagio na Kawajense mnaojua kila ukumbi unafunga saa ngapi. Hesabu za mimba zina ujanja wake. Siku unayoona damu imechelewa, ukajipa moyo wiki moja ya pili ni mawazo, ukaenda kununua kipimo, ubongo wa mtoto umeshaanza kujengwa zamani. Zile wiki ambazo hujui ndizo wiki za birthday, za harusi ya rafiki, za mshikaji kafika kutoka Dar na hela. Na takwimu za kitaifa za 2015 na 2016 zilituweka Katavi kileleni, si kwa kabumbu: wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 mpaka 19 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba. Kipindi kile viroba vilikuwa bado vinauzwa kwenye kila genge kama pipi. Kipaketi cha mililita 100 cha pombe kali ya asilimia 35 kilikuwa na kilevi kingi kuliko bia nzima, na kinaingia kwenye mfuko wa sketi ya shule. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na mimi siku hiyo nilishangilia ingawa najua waliouza walilia.

Kwa hiyo, dada, kama uko na mtu na hamtumii kinga wala uzazi wa mpango, chagua kimoja: au kinga, au uache kilaji. Na wewe kaka unayesema "hayo ni ya wanawake," nani anamwagizia? Kaka yangu alikuwa wa kwanza kumbishia mama, siku aliporudi machimbo akakuta ubishi wetu haujaisha. Nilishangaa. Alisema hela yake ya mwezi mzima haitoshi kumlipia mtoto mmoja shule, sasa amzae mtoto ambaye hata ikilipwa haimwingii?

Na kama ulishakunywa kabla hujajua, usijinyonge, wala usikimbilie wale wa kutoa mimba vichochoroni. Acha leo. Ubongo bado unajengwa, na kila siku bila pombe ni siku ambayo fundi anafanya kazi bila kusumbuliwa. Ila kuna kundi moja naliomba lisikilize vizuri: yule ambaye asipokunywa asubuhi anatetemeka mikono na kutoka jasho. Huyo asikate ghafla peke yake chumbani, inaweza kumletea degedege. Aende hospitali aseme ukweli, asaidiwe kuacha.

Ukweli huo, lakini, lazima kuwe na mtu wa kuupokea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014: kila mjamzito aulizwe habari za pombe, kila anapohudhuria, tena kwa upole bila kumkaripia. Wifi alikwenda kliniki moja, jina naliacha, nikamsindikiza. Alipimwa uzito, presha, damu, akapewa vidonge na chandarua, akaambiwa aje na mwenza wake. Kwa hayo yote asante. Swali la pombe halikuulizwa. Foleni ilikuwa imefika mpaka mlangoni, nesi alikuwa mmoja, sikumlaumu sana. Ila wifi alitoka pale akiwa na uhakika zaidi kwamba haliko tatizo. "Lingekuwa baya wangeniuliza," akaniambia njiani. Na mantiki yake huwezi kuipinga.

Tukarudi nyumbani kwenye kile kikombe. Maana elimu yote hii, mpenzi msomaji, inaishia pale: ndoo imefunguliwa, mzee kakaa kwenye benchi, anasubiri mtu atoe uchawi. Kaka alisema aweke kijana wa kuajiriwa. Kwa hela ipi? Mimi nilisema nitaonja mimi, Ijumaa mbili nikaonja, ya tatu nilikuwa na kazi ya kuandika na kichwa hakitulii. Wateja nao wakaanza maneno, mbona mwenye pombe haigusi, ameweka nini humo. Mmoja alihama kabisa, akahamia kwa jirani pamoja na deni lake.

Ijumaa iliyofuata mama alikuwa amekaa barazani ananyoosha magoti yake. Alimsikia yule mzee wa benchi akimwambia wifi, "Onja kwanza binti, sisi hatukujui." Mama akainuka kwa shida zake, akakichukua kile kikombe mkononi mwa mkwewe. "Mimi unanijua?" akamuuliza mzee. "Miaka thelathini unakunywa hapa. Basi nitaonja mimi. Mimi tumboni sina mgeni." Akapiga fundo, akatema kidogo pembeni, akasema kimea hakikutosha. Wifi alicheka mpaka akashika kiuno.

Hakuniambia kitu mama, wala sikutegemea. Toka siku hiyo kigoda chake kiko karibu na pipa na kazi ya kuonja ni yake, na komoni, kusema kweli, imekuwa nzuri kuliko mwanzo. Wifi anapima, anapokea hela, anapiga porojo. Wakimrudishia kikombe anasema daktari kamkataza, ambao ni uongo kidogo, daktari hajasema.

Tarehe yake ya kliniki inafika wiki ijayo. Tumeandika swali kwenye kikaratasi, mwandiko wangu, maneno yake: "Nesi, mimi napika pombe na nilikuwa naonja mpaka mwezi wa nne, mnanisaidiaje?" Tumekibana kwa pini ndani ya kadi, kwenye ukurasa anaoanza nao kuusoma.